Habari za Mbasa: Utafiti wa Samaki wa Ziwa Nyasa na Ushirikiano wa Mataifa, 1859 hadi Sasa

Mbasa ni samaki ajulikanaye na kila mvuvi wa mwambao wa mashariki wa Ziwa Nyasa, kuanzia Mbamba Bay, kupita Liuli na Kihagara, hata Lituhi ambako mto Ruhuhu waingia ziwani. Mwili wake ni mrefu na mwembamba, rangi yake ni ya fedha, na mdomo wake mpana waonyesha kuwa ni mwindaji. Chakula chake kikubwa ni samaki wadogo, hasa usipa, ambao ndio dagaa wa ziwa hili. Akikomaa hupita urefu wa sentimita 60. Lakini jambo lililompa sifa zaidi ni safari yake. Mvua zikiijaza mito, mbasa huacha maji makuu, hukusanyika katika milango ya mito, kisha hupanda juu kuutafuta mchanga wa kokoto na maji yaendayo mbio, na huko hutaga mayai. Watoto wake hukaa mtoni kwa muda, kisha hushuka ziwani kula na kukua.

Waingereza walipomwona akipanda mito walimkumbuka samoni wa kwao, wakampa jina la samoni wa ziwa. Kwa nasaba hawa wawili si jamaa hata kidogo: mbasa ni wa ukoo mmoja na kuyu na ningu. Lakini kwa mwenendo kulinganishwa kwao si vibaya, na kwa habari tutakazozieleza kulinganishwa huko kuna faida.

Katika makala haya nakusudia kueleza jinsi elimu ya samaki huyu na wenziwe ilivyokusanywa tangu mwaka 1859 hadi siku hizi, na kuonyesha jambo moja. Samaki wa ziwa hili hawajui mipaka ya serikali, lakini elimu yao ilifuata mipaka hiyo. Kwa hiyo, kwa muda wa karibu miaka mia na thelathini, upande wa mashariki, yaani mwambao wa Kihagara na mto Ruhuhu, ulijulikana katika vitabu kidogo kuliko upande wa magharibi. Kasoro hiyo ilianza kuondoka pale mataifa yalipofanya kazi pamoja, na haitakwisha ila kwa njia hiyo hiyo.

Jina la samaki na jina la ziwa

Yafaa tuanze na majina, maana katika habari hii majina ni ushahidi. Mwambao wa Tanzania samaki huyu huitwa mbasa. Ng'ambo, katika Malawi, huitwa mpasa. Jina ni moja, na herufi moja tu ndiyo iliyogeuka. Ndugu yake mdogo, naye apandaye mito, huitwa sanjika. Majina haya yalikuwapo kabla ya mgeni yeyote kuja na chupa ya spiriti ya kuhifadhia samaki, na kuenea kwake pande zote za maji kwaonyesha kuwa wavuvi wa ziwa walikuwa na elimu moja ya samaki zamani, kabla ya mipaka ya leo kuchorwa.

Majina mengine ya wenyeji yameingia moja kwa moja katika vitabu vya wataalamu wa Ulaya na Marekani. Samaki wadogo wenye rangi nyingi wakaao katika miamba waitwa mbuna hata London na Berlin. Wale waogeleao makundi makundi wakila vidudu vya majini huitwa utaka. Mtaalamu T. D. Iles alipoandika habari za kundi hili mwaka 1960 hakuona haja ya kuwatafutia jina jingine. Hivyo wavuvi wa ziwa walikuwa wamekwisha kugawanya samaki wao katika makundi kwa kuangalia makao yao, chakula chao na mwenendo wao, na wageni wakaufuata mgawanyo huo.

Ziwa lenyewe halikupata bahati ya jina moja. Tanzania huliita Nyasa, Malawi huliita Malawi, na Msumbiji huliita Niassa. Msomaji akifungua kitabu kikubwa cha samaki wa ziwa hili kilichotolewa mwaka 2004, atayaona majina yote matatu yamepangwa katika anwani moja. Jambo hilo laonekana dogo, lakini tutaona kuwa lilitokana na kazi kubwa.

Wakusanyaji wa kwanza

David Livingstone na mwenziwe, daktari John Kirk, walifika kwenye ziwa mwezi wa Septemba 1859. Mwaka 1861 walirudi wakiwa na mashua, wakaifuata pwani ya magharibi kuelekea kaskazini. Upande wa mashariki hawakuupitia, na mwisho wa ziwa hawakuufikia. Kirk alikuwa mtu wa mimea na wanyama, akakusanya samaki na kuwapeleka Uingereza. Huko Albert Günther wa Jumba la Makumbusho la Uingereza aliwachunguza, na mwaka 1864 akatangaza habari zao kwa ulimwengu wa elimu. Miongoni mwao walikuwamo mbasa na sanjika. Mbasa alipewa jina la Kilatini lenye maana ya magamba madogo, nalo ndilo alitumialo hata leo: microlepis.

Huyu Kirk ndiye yule yule ambaye watu wa pwani wamjua kwa habari nyingine, kwani baadaye alikuwa balozi wa Uingereza Unguja, na mwaka 1873 alishughulika na mapatano ya Sayyid Barghash ya kufunga soko la watumwa. Ni wachache wajuao kuwa mtu huyo ndiye aliyempeleka mbasa London.

Mwaka 1890 Uingereza na Ujerumani ziligawana nchi. Mkataba wao uliandika kuwa eneo la Wajerumani litafuata ukingo wa mashariki, wa kaskazini na wa magharibi wa ziwa hadi mlango wa mto Songwe. Kwa maneno hayo machache maji yalikwenda upande mmoja na mwambao upande mwingine. Tokea hapo wakusanyaji wa samaki nao waligawanyika. Friedrich Fülleborn, daktari wa jeshi la Wajerumani, alikaa Langenburg, kaskazini ya ziwa, mwishoni mwa karne ya 19, akakusanya samaki, wadudu wa majini na habari za watu. Kitabu chake juu ya nchi ya Nyasa na Ruvuma kilitoka mwaka 1906. Vitu vyake vilikwenda Berlin, na mwaka 1926 Ernst Ahl alimpa samaki mmoja wa miambani jina la fuelleborni kwa kumheshimu. Kwa upande wa Waingereza, Kapteni Rhoades, aliyeongoza meli ya serikali iitwayo Gwendolen, alishiriki katika kuchora ramani ya ziwa, akakusanya na samaki pia. Mwaka 1908 G. A. Boulenger wa London alimwita samaki mmoja rhoadesii kwa jina lake.

Basi hapo palikuwa na ziwa moja na makabati mawili ya samaki, moja London na moja Berlin, na aliyetaka kumjua samaki wa maji haya sharti asafiri kwenda miji miwili ya Ulaya. Na mwezi wa Agosti 1914 mambo yalizidi. Rhoades yule yule aliamriwa kuishambulia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu Sphinxhafen ili itengenezwe. Sphinxhafen ndiyo Liuli ya leo, jirani na Kihagara. Nahodha wa Kijerumani, ambaye zamani alikuwa rafiki yake, alikuwa hajapata hata habari kwamba vita vimeanza. Watu wawili ambao wangeweza kusaidiana katika kulichunguza ziwa walikutana hivyo mbele ya mizinga.

Baada ya vita mwambao wa mashariki uliingia katika Tanganyika iliyotawaliwa na Waingereza, na mtu angedhani kuwa sasa ziwa limekuwa moja. Makusanyo yaliongezeka kweli. C. Tate Regan alitoa maelezo yake ya samaki wa Nyasa mwaka 1922 kwa kutumia makusanyo ya Rodney Wood. Cuthbert Christy alikusanya wengi zaidi mwaka 1925 na 1926. Na Ethelwynn Trewavas, mwanamke hodari aliyefanya kazi katika makumbusho ya London, aliwapanga wote katika maandishi yake ya mwaka 1935. Lakini watu hawa walishughulika zaidi na kuhesabu aina. Mbasa alikuwa amekwisha kupewa jina, naye aliachwa. Swali la safari zake, yaani hutoka wapi, hupanda mto gani, na hurudi wapi, halikuwa swali la mtu akaaye mbele ya kabati la chupa.

Vyama viwili na pengo katikati

Uchunguzi wa uvuvi wenyewe ulianza mwaka 1939, pale Trewavas, Kate Bertram na H. J. H. Borley walipolikagua ziwa. Taarifa yao ilichapwa London mwaka 1942. Kisha Rosemary Lowe alifanya kazi ziwani tangu mwaka 1945 hadi 1947, hasa juu ya chambo. Wanawake hawa watatu wa elimu waliweka msingi ambao wengine wote waliujengea.

Baada ya vita vya pili serikali ya Uingereza ilianzisha vyama vya utafiti wa uvuvi katika makoloni yake. Mwaka 1947 palianzishwa chama cha Afrika Mashariki, chenye makao yake Jinja, Uganda, kwa ajili ya Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 palianzishwa kingine cha Northern Rhodesia na Nyasaland kwa pamoja. Hiki cha pili ndicho kilichofungua kituo Nkhata Bay, pwani ya magharibi, ambako Geoffrey Fryer, Iles na wenzao walifanya kazi iliyojulikana dunia nzima. Fryer alionyesha mwaka 1959 jinsi samaki wa miambani, ijapokuwa wafanana sana kwa umbo, kila aina ilivyo na namna yake ya kula. Taarifa ya uchunguzi wa upande wa kaskazini uliofanywa mwaka 1954 na 1955 ilitoka mwaka 1963.

Msomaji ataona mara moja pengo lilipo. Chama cha Jinja kilikuwa na Tanganyika, lakini macho yake mengi yalielekea Ziwa Viktoria, lililokuwa karibu na lenye biashara kubwa. Chama cha Nkhata Bay kilikuwa na Ziwa Nyasa, lakini Tanganyika haikuwa mwanachama wake. Kwa hiyo mwambao wa Mbinga na Songea ulikuwa mali ya chama kilichokaa mbali, na jirani wa chama kisichokuwa chake. Ruhuhu, mto mkubwa kuliko yote iingiayo ziwa hili, ulibaki pembeni ya kazi zote mbili.

Uhuru ulipokuja, pengo halikuzibika, bali liliongezeka. Mwaka 1967 Tanzania ilieleza wazi kuwa mpaka wake na Malawi umo katikati ya maji. Malawi ilishika maneno ya mkataba wa 1890. Shauri hilo liliamka tena mwaka 2012 kwa sababu ya utafutaji wa mafuta chini ya ziwa, na likapelekwa mbele ya wazee waliokuwa marais, wakiongozwa na Joaquim Chissano wa Msumbiji. Sikusudii kuliamua hapa. Nasema tu kwamba palipo na shauri la mpaka, mtafiti mwenye wavu huwa mtu wa kushukiwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ilivunjika mwaka 1977, na chama cha Jinja kikagawanyika pamoja nayo. Tanzania ikaunda taasisi yake ya utafiti wa uvuvi, TAFIRI, kwa sheria ya mwaka 1980.

Wakati huo huo kazi juu ya mbasa iliendelea upande wa pili. Denis Tweddle, aliyekuwa katika idara ya uvuvi ya Malawi, alitoa mwaka 1983 maelezo ya jinsi samaki huyu anavyotaga mayai. Kwa kazi za namna hiyo mto Bua wa Malawi ulipata sifa katika vitabu kuwa ndio mto wa mpasa. Ruhuhu haukupata mwandishi kama huyo, ingawa mbasa hawakupungukiwa na sababu ya kuupanda.

Mfano wa bahari ya Atlantiki

Ili kuonyesha hasara ya elimu iliyogawanyika, yafaa tumtazame samoni mwenyewe, yule aliyemkopesha mbasa jina. Samoni wa Atlantiki huzaliwa katika mito ya Uskoti, Ireland, Norwei, Kanada na kwingineko, kisha hushuka baharini. Kwa muda mrefu watu wa mito walijua kuwa huondoka na kuwa hurudi, na kwamba wengi hurudi katika mto ule ule waliozaliwa. Lakini hawakujua huenda kula wapi. Mwaka 1956 samoni aliyekuwa ametiwa alama Uskoti alinaswa karibu na Greenland. Jibu likaanza kupatikana, na pamoja na jibu ikaja hatari. Katika miaka ya 1960 meli nyingi zilikwenda kuvua huko Greenland, na mwaka 1971 samaki waliovuliwa walifika tani 2,700 hivi. Watu wa mito, waliokuwa wakitunza maji yao kwa gharama, waliona samaki wao wakichukuliwa na wengine mbali na macho yao.

Ugomvi huo ulimalizwa kwa mkataba. Mwaka 1982 mataifa ya pande zote mbili za bahari yalikubaliana Reykjavík, Iceland, na mwaka 1983 mkataba wao ukaanza kufanya kazi. Kwa kawaida uvuvi wa samoni ulikatazwa kupita maili 12 kutoka pwani, na shirika liliundwa, makao yake Edinburgh, ili kila taifa lilete hesabu na elimu yake mezani. Baadaye likaja jambo jipya. Kati ya mwaka 2008 na 2011 wataalamu wa nchi nyingi za Ulaya waliunganisha vinasaba vya maelfu ya samoni kutoka mamia ya mito, wakafanya kama daftari moja la ukoo. Tangu hapo samoni akivuliwa katikati ya bahari, kipande kidogo cha pezi lake chaweza kusema ametoka nchi gani, na mara nyingine hata upande gani wa nchi hiyo.

Angalia sharti la kazi hiyo. Kama Norwei ingaliweka daftari lake na Uskoti lake, kila mmoja akilinda siri yake, samaki wa bahari asingaliweza kusomwa. Daftari lenye mito ya upande mmoja humsoma kila samaki kuwa ni wa upande huo au kuwa ni mgeni asiye na kwao.

Ziwa moja, meli moja

Turudi Nyasa. Mabadiliko yalianza mwaka 1991. Uingereza pamoja na jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, SADC, zilianzisha uchunguzi wa samaki wa maji makuu, na safari hii Malawi, Msumbiji na Tanzania zote zilishiriki. Meli ya utafiti iliyoitwa Usipa, kwa jina la dagaa, ilikuwa na kituo chake Senga Bay, nayo ililivuka ziwa lote toka pwani hata pwani. Ilipeleka sauti chini ya maji na kuusikiliza mwangwi wake ukirudi kutoka kwenye makundi ya samaki, na kwa njia hiyo ilikadiriwa kuwa maji makuu yana samaki wapatao tani 170,000. Taarifa yake ilitolewa mwaka 1995, ikihaririwa na Andrew Menz. Shauri la mpaka lilikuwa halijaamuliwa, lakini meli ilipita, maana lililokuwa likihesabiwa ni samaki, wala si maili za maji.

Mara baada ya hapo ulifuata mradi wa pili, wa kuhifadhi aina za viumbe wa ziwa, uliogharimiwa na mfuko wa dunia wa mazingira pamoja na wafadhili wengine, Kanada ikiwa mmoja wao. Mradi huu wa nusu ya pili ya miaka ya 1990 uliwaleta pamoja wataalamu wa nchi tatu za ziwa na wa Ulaya na Kanada. Miongoni mwa matunda yake ni kile kitabu cha mwaka 2004 chenye majina matatu ya ziwa, kilichohaririwa na Jos Snoeks wa makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji. Katika waandishi wake yumo Benjamin Ngatunga, Mtanzania wa TAFIRI, ambaye baadaye aliiongoza taasisi hiyo. Tangu siku za Kirk mwenyeji alikuwa mtu wa kupiga kasia na kutaja majina. Sasa ametia sahihi yake katika kitabu.

Elimu ya vinasaba

Vinasaba ni maandishi ya urithi yaliyomo katika kila chembe ya mwili, ambayo mtoto huyapokea kwa baba na mama. Wataalamu wakiyalinganisha maandishi ya samaki wawili huweza kujua ukaribu wa nasaba zao, kama vile mtu alinganishavyo nakala mbili za shairi moja na kuona ipi ilinakiliwa kutoka ipi.

Ziwa Nyasa limekuwa darasa kubwa la elimu hii. Mwaka 2014 vinasaba vya samaki watano wa Afrika wa jamaa ya sato vilisomwa kwa ukamilifu, na mmoja wao alikuwa mbuna wa ziwa hili. Mwaka 2015 watafiti wa Uingereza pamoja na TAFIRI walitoa habari za ziwa dogo la Masoko, katika Rungwe, ambamo samaki wa asili moja wanagawanyika kuwa wa namna mbili, wale wa kandoni na wale wa kina kirefu. Walisoma vinasaba vya samaki 146. Mwaka 2018 vilisomwa vya samaki 134 wa aina 73 za Ziwa Nyasa, ikaonekana kuwa tofauti kati ya aina na aina ni ndogo mno, haipiti robo ya sehemu moja katika mia, na kwamba koo mbalimbali zilichanganyika zamani.

Kazi hizi ni za sifa. Lakini nyingi ni za samaki wa jamaa ya sato, ambao wengi wao hukaa mahali pao. Mbuna aweza kuzaliwa, kuoa na kufa katika mwamba mmoja. Mbasa ni mtu wa safari, na kwake swali ni jingine: je, mbasa wa Ruhuhu na mpasa wa Bua ni kundi moja linaloingia mto wowote lipendao, au kila mto una watu wake, warudio kwao kama samoni? Wataalamu wa vyuo vya Malawi wamekwisha kuanza kuvisoma vinasaba vya mpasa, nayo ni njia njema.

Swali hili si la kuwafurahisha wasomi tu. Ikiwa mbasa wote ni kundi moja, mto mmoja ukivuliwa kupita kiasi waweza kujazwa na samaki wa mito mingine. Ikiwa kila mto una watu wake, mto ukimalizwa umemalizwa. Watoto wetu watasubiri mvua nyingi na mbasa hatarudi. Sheria ya nyavu yapaswa kutungwa kwa kulijua jambo hili. Kuziba mlango wa mto kwa nyavu wakati samaki wanapopanda ni hatari kwa hali zote mbili, lakini katika hali ya pili ni sawa na kuung'oa mti pamoja na mizizi. Shirika la dunia la kuhifadhi viumbe limekwisha kumwandika mbasa katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka.

Mambo yaliyobaki

Kutokana na habari hizi nadhani mambo matatu yanatupasa. La kwanza ni kwamba daftari la vinasaba vya mbasa liwe moja, lenye Ruhuhu na mito midogo ya mwambao wa mashariki pamoja na Bua, Linthipe na Rukuru. Mfano wa Atlantiki waonyesha kuwa nusu ya daftari haisomeki. Na kwa kuwa mapatano ya Nagoya ya mwaka 2010 yametambua haki ya kila nchi katika mali ya urithi wa viumbe vyake, hapana sababu ya kuogopa kuwa kushirikiana ni kupokonywa. Samaki wa Kirk na wa Fülleborn walikwenda Ulaya bila ya mwenyeji kuulizwa. Mambo hayo sasa yana kanuni.

La pili ni kuutazama mto kuanzia juu. Mayai ya mbasa hutaka kokoto safi, na tope liletwalo na mmomonyoko huyafunika. Nchi ya juu ya Mbinga ni ya Wamatengo, ambao tangu zamani hulima ngoro, yaani mashimo yaliyopangwa katika miteremko, yenye nyasi zilizofukiwa chini ya matuta. Ngoro huzuia udongo usichukuliwe na mvua. Sifa za kilimo hiki zimeandikwa mara nyingi kwa ajili ya mahindi na maharage. Yafaa ziandikwe pia kwa ajili ya samaki, maana udongo ubakiao mlimani hauendi mtoni. Bonde la Ruhuhu lina makaa ya mawe vile vile, yaliyoanza kuchimbwa katika upande wa Ngaka, na mahali penye machimbo maji hutaka uangalizi.

La tatu lawahusu hasa wasomaji wa jarida hili. Elimu ya mbasa waliyo nayo wavuvi wa Kihagara, Lituhi na Manda imo katika maneno yao: majina ya samaki kwa umri wake, majina ya pepo na ya majira, majina ya milango ya mito na ya mitego. Maneno hayo ni ya Kinyasa, Kimanda, Kimpoto na Kiswahili, na kila mzee afaye huondoka na sehemu yake. Wataalamu wa vinasaba waweza kutuambia mbasa hawa ni watoto wa nani. Lakini kutuambia walipanda mto gani miaka 50 iliyopita, na kwa wingi gani, hilo laweza kufanywa na waliokuwapo tu. Mtu wa lugha aandikaye orodha ya majina ya samaki katika mwambao huu anafanya kazi ya mtu wa samaki pia, na yafaa kazi hizo mbili ziende pamoja.

Wazee husema kuwa mkono mmoja haulei mwana. Ziwa hili limelelewa muda mrefu na mikono iliyokuwa haijuani: mmoja London, mmoja Berlin, mmoja Jinja, mmoja Nkhata Bay. Kila mkono ulifanya kazi njema katika sehemu yake, na upande wa mashariki ukabaki nyuma. Tangu mwaka 1991 mikono imeanza kukutana. Mvua za mwaka zikianza, mbasa watajikusanya tena mbele ya Ruhuhu kama walivyofanya kabla ya mkataba wa 1890, na kazi ya kuwafuata huko juu ya mto yangali ikiwangoja watafiti wa pande zote mbili za ziwa.